VirusTotal na Faili Lililosingiziwa: Tathmini ya Fundi wa Mashine za Windows XP

Mwenye duka moja la stika hapa Mwanza ana mashine ya kukatia stika inayoongozwa na kompyuta ya Windows XP kupitia poti ya zamani ya printa, ile pana ya matundu 25, na kwa kuwa mashine hiyo haijawahi kumwangusha, haoni sababu ya kununua nyingine. Diski ya kompyuta yake ilipokufa nilimwekea XP upya, lakini CD-ROM yake nayo ilikuwa imechoka, hivyo nikalazimika kunakili draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiongoza mashine, kutoka kwenye CD halisi ya mwaka 2004 kwa kutumia laptopu yangu ya Windows 10. Kabla kazi hiyo haijaisha, antivirasi ya laptopu ilitoa onyo, ikalikamata faili la kusakinishia na kulifungia karantini. Mwenye duka aliyekuwa amesimama nyuma yangu akauliza: "Fundi, ni virusi gani hivyo vilivyokaa ndani ya CD miaka yote hii bila kunidhuru?" Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Nilikwenda kulitafuta VirusTotal, huduma ambayo mafundi wengi wanaifahamu lakini, kwa maoni yangu, wengi huisoma vibaya.

VirusTotal ilianzishwa mwaka 2004 na kampuni ya Hispasec ya Málaga, Hispania, na mwezi Septemba 2012 ikanunuliwa na Google. Kazi yake ni nyepesi kuieleza: unaipa faili, nayo inalipitisha kwenye injini za antivirasi (programu za ukaguzi za kampuni mbalimbali) zipatazo 70 kwa mpigo mmoja, kisha inakuonyesha kila injini imesema nini. Kwa mtumiaji wa kawaida ni bure na haidai akaunti. Jambo ambalo haifanyi, na ambalo yenyewe hulisema wazi, ni kutoa hukumu, kwani inakusanya kauli za wengine tu. Anayeona "6 kati ya 70" kwa rangi nyekundu na kukimbilia kufuta faili amegeuza orodha ya mashahidi kuwa hukumu ya mahakama.

Faili langu la CD lilipata namba hiyo hiyo, sita. Nilipoyasoma majina ambayo injini hizo sita zililiita, manne yalifanana herufi kwa herufi. Hilo halikunishangaza, kwa sababu kukodishiana injini ni biashara ya kawaida na haifichwi. Kampuni za antivirasi za Emsisoft na G DATA, kwa mfano, hueleza zenyewe kwamba bidhaa zao zina injini ya kampuni nyingine, Bitdefender, ndani yake. Sitawataja waliolishtaki faili langu, ila nitasema kwamba wanne waliosikia habari kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Majina mawili yaliyobaki yalikuwa ya jumla, yenye maneno kama "Generic" na "Heur", ambayo maana yake ni kwamba injini imelishuku faili kwa sura na mwenendo wake, si kwamba imemtambua mhalifu anayejulikana.

Sura na mwenendo ndivyo vinavyoziponza programu za zamani. Waandishi wa enzi hizo walipenda kuzibana programu kwa UPX, chombo cha kupunguza ukubwa wa programu, ili zienee kwenye disketi na zipakuliwe upesi kwa modemu, na waandishi wa virusi nao huitumia UPX kuficha vyao. Programu nyingi za wakati huo hazina saini ya kidijitali, ile alama inayothibitisha mtengenezaji wake. Draiva ya mashine ya stika lazima iifikie poti ya printa moja kwa moja, tabia ambayo antivirasi ya leo huitilia shaka. Zaidi ya hayo, faili linalotumiwa na watu wachache duniani halina sifa yoyote iliyokusanywa kulitetea. Ni kama mgeni aliyefika kijijini usiku bila barua ya mjumbe. Asidhani mtu kwamba kosa la namna hii huwapata wadogo tu: tarehe 21 Aprili 2010, sasisho namba 5958 la antivirasi ya McAfee lililishtaki svchost.exe, faili la Windows XP yenyewe, na kompyuta nyingi za makampuni zikabaki zinajizima na kujiwasha au kukosa mtandao.

Kwa hiyo thamani ya VirusTotal naiona kwenye ukurasa wa maelezo zaidi kuliko kwenye ile namba nyekundu. Humo utakuta heshi ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaolitambulisha faili hilo na si jingine, pamoja na aina ya kifungashio (kama ile UPX), saini kama ipo, na tarehe ambayo faili lilipakiwa huko kwa mara ya kwanza. Faili lililofikishwa huko zaidi ya miaka kumi iliyopita, ambalo mpaka leo linashukiwa na wachache tena kwa majina ya jumla, kwa kawaida limesingiziwa. Mgeni asishtuke akikuta faili limeandikwa kuwa lilitengenezwa tarehe 19 Juni 1992, miaka mingi kabla ya XP kuzaliwa: hiyo ni alama isiyobadilika ambayo matoleo kadhaa ya zamani ya Delphi, chombo cha kuandikia programu, yaliibandika kwenye kila programu iliyotoka humo. Nilipoiona mara ya kwanza nilipoteza jioni nzima nikidhani nimegundua jambo.

Kisa cha stika kilikuwa na upande wa pili. Mwenye duka alinitolea flashi yenye nakala ya akiba ya draiva hiyo hiyo, jina lile lile, akitumaini itatuokolea muda. Heshi yake haikulingana na ya CD, na faili lenyewe lilikuwa kubwa zaidi. VirusTotal ililirudisha likiwa na alama nyekundu zaidi ya 50, na injini zisizo na undugu wowote zilikubaliana juu ya jina moja, Sality, kirusi kinachojulikana tangu mwaka 2003 ambacho hujipachika ndani ya mafaili ya programu (exe) na kuhama nayo kwenye flashi. Programu ni ile ile, nakala moja imesingiziwa na nyingine ni mgonjwa kweli, na hakuna ambaye angezitofautisha kwa macho. Kwa kazi ya namna hii sijapata chombo kingine cha bure kinachoifikia huduma hii.

Ina mipaka yake. Chochote unachopakia hugawiwa kampuni za antivirasi na wateja wanaolipia, kwa hiyo barua za ofisi, wasifu wa kazi na hesabu za wateja visipelekwe huko kamwe. Ukomo wa faili ni MB 650, na kwa anayetumia bando la simu hata MB 100 zinauma. Dawa ya yote mawili ni moja: usipakie faili, tafuta kwa heshi. 7-Zip, programu ya kubana mafaili ambayo bado hufanya kazi kwenye XP, hukupa SHA-256 kwa kubofya kitufe cha kulia, nawe ukiibandika kwenye kisanduku cha kutafutia utaletewa matokeo kama kuna mtu aliyekutangulia kulipakia faili hilo. Ukague kwenye mashine mpya, kwa kuwa Internet Explorer 8 ya XP haina TLS 1.2, njia ya kulinda mawasiliano inayotakiwa na tovuti nyingi za sasa. Ifahamike pia kwamba injini zilizoko VirusTotal hazikuwekwa sawasawa na zile za kompyuta ya mezani, hivyo antivirasi yako yaweza kusema tofauti na jina lake kule.

Kulisafisha jina la faili si kazi ya VirusTotal. Inaelekeza namna ya kuifikia kila kampuni, lakini kuandika utaandika mwenyewe, na baada ya kampuni kujirekebisha unarudi kuomba uchunguzi upya ili namba ishuke. Niliandikia kampuni mbili: moja iliondoa shutuma siku ya tatu, nyingine imenyamaza mpaka leo. Sikusubiri. Nililiruhusu faili hilo moja kwenye antivirasi ya laptopu, bila kuizima antivirasi yenyewe, nikalihamisha kwa flashi niliyoifomati, na kompyuta ya XP nikaiacha bila mtandao, kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014.

Mashine ilikata stika ya kwanza jioni ile ile, maandishi ya kioo cha nyuma cha daladala. Herufi nane za mwanzo za heshi nimeziandika kwa maka kwenye jalada la CD, na flashi ya zamani mwenye duka ameniachia.