Couchsurfing: Je, bado inamfaa msafiri anayetafuta watu?

Msafiri anayekwenda peke yake hupata mahali pa kulala bila taabu kubwa, lakini mtu wa kuzungumza naye jioni ni vigumu zaidi kumpata. Mtandao wa Couchsurfing unajulikana na wengi kwa sifa ya kulala bure kwenye kochi la mtu usiyemfahamu, na sifa hiyo imewafanya waukimbilie watu wasiohitaji chochote ila kuokoa gharama za malazi. Nimeutumia nikiwa mgeni na nikiwa mwenyeji, na hapa naupima kwa jambo moja tu, yaani uwezo wake wa kumkutanisha msafiri na watu ambao asingewapata kwa njia nyingine. Kwa kipimo hicho naona kwamba bado unazishinda programu nyingi za simu zinazodai kufanya kazi hiyo hiyo, ila kwa masharti ambayo anayejiunga leo hana budi kuyajua mapema.

Chanzo chake kinaeleza mengi. Casey Fenton, kijana wa Kimarekani, alipata tiketi ya bei nafuu ya kwenda Iceland, na badala ya kutafuta hoteli akawaandikia barua pepe wanafunzi wapatao 1,500 wa Chuo Kikuu cha Iceland kuwaomba malazi. Majibu aliyoyapata yalimpa wazo la mtandao uliofunguliwa kwa umma mwaka 2004. Wazo lenyewe halikuwa geni, kwa kuwa shirika la Servas lilikuwa limeanza mwaka 1949, vita kuu ya pili ikiwa bado mbichi katika kumbukumbu za watu, likiamini kwamba amani hujengwa watu wa mataifa mbalimbali wanapokaribishana majumbani. Mwaka 2006 hitilafu ilifuta sehemu kubwa ya data za Couchsurfing, mwanzilishi akatangaza kwamba mtandao umefikia mwisho, na ni wanachama waliojitolea ndio waliosaidia kuujenga upya. Jambo hilo ni la kuzingatiwa, kwa sababu manung'uniko mengi yaliyokuja baadaye kuhusu ada yametoka kwa watu waliokuwa wakiuona mtandao huo kuwa mali yao.

Nguvu ya huduma hii, kwa maoni yangu, ni kwamba inawapa watu wawili wasiofahamiana nafasi inayoeleweka na kila mmoja. Mmoja ni mwenyeji, mwingine ni mgeni, na hakuna anayehitaji kufundishwa namna ya kuanza: mgeni anaonyeshwa mahali pa kuweka mzigo, anaulizwa kama amekula, anaulizwa habari za safari, na kabla ya saa moja kupita wanazungumza kama watu waliojuana zamani. Programu za kutafuta wachumba na marafiki huwaketisha watu wawili mezani wakiwa na kazi moja tu, ambayo ni kupimana, na mazungumzo ya namna hiyo huchosha upesi. Kanuni za Couchsurfing zinakataza mwenyeji kumtoza mgeni, lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wageni wanaokumbukwa kwa wema ni wale walioosha vyombo bila kuombwa, waliopika chakula cha kwao, au waliokaa na watoto wa mwenyeji wakawafundisha mchezo mpya.

Yote hayo hutegemea maandishi. Ukurasa wa mwanachama una nafasi ya kueleza yeye ni nani, kwa nini amejiunga, ni kitu gani anaweza kufundisha au angependa kujifunza, na upo pia ukurasa wa nyumba unaotaja kama mgeni atalala katika chumba chake mwenyewe, katika chumba anachoshiriki na mwingine, sebuleni, au hata katika kitanda kimoja na mwenyeji. Wasafiri wengi huupitia ukurasa huo harakaharaka, kisha hutuma ombi lile lile kwa wenyeji kadhaa. Wenyeji wazoefu wanalijua hilo, na baadhi yao huficha katikati ya maelezo yao sharti dogo, kwa mfano kumtaka mwombaji ataje kitabu anachokipenda, ili ombi lisilotaja kitabu chochote liwekwe kando bila kusomwa zaidi. Ombi linalojibiwa huwa fupi na lenye mambo mahususi: linataja kitu kilichosomwa katika ukurasa wa mwenyeji, linaeleza saa ya kufika na ya kuondoka, na linasema wazi kama mgeni atakuwa na muda wa kukaa na mwenyeji au atakuwa akirudi usiku tu. Asiyekuwa na muda huo ni afadhali alale hotelini, kwani mwenyeji hapati malipo mengine zaidi ya mazungumzo.

Kisha kuna marejeo, yaani maoni ambayo mgeni na mwenyeji huandikiana baada ya kuachana. Mfumo huyaweka yakiwa yamefichwa mpaka pande zote mbili ziandike au siku 14 zipite, na utaratibu huo ni wa busara kwa sababu unapunguza woga wa kulipiziwa kisasi. Hata hivyo haumalizi tatizo. Mtu aliyefadhiliwa kitanda huona haya kumsema vibaya aliyemfadhili, na aliyekosa raha mara nyingi huondoka asiandike neno. Kwa hiyo sifa hamsini zinazosema tu kwamba mwenyeji ni mtu mzuri hazinishawishi kama sifa tatu zinazoeleza walichokula, walikokwenda na walichobishana. Mwenyeji mwanamume ambaye wageni wake wote ni wasichana wanaosafiri peke yao, ilhali hakuna mwanamume wala familia iliyowahi kupokelewa kwake, namwepuka hata kama kila neno lililoandikwa juu yake ni la kusifu. Alama ya uthibitisho nayo isichukuliwe kuwa cheti cha tabia. Inathibitisha mambo kama kitambulisho, simu na anwani, na mtu mwenye anwani ya kweli anaweza kuwa na nia mbaya.

Hapa ndipo linapoingia suala la mapenzi, ambalo nadhani linastahili kusemwa waziwazi kuliko linavyosemwa. Kanuni za mtandao zinakataza kuwatafuta wanachama kwa ajili ya mapenzi na kulihesabu jambo hilo kuwa usumbufu. Ni kweli wapo waliokutana kwa njia hii wakaoana, wala hakuna awezaye kuuzuia moyo. Lakini kanuni hiyo ni ya haki, na naiunga mkono kwa sababu moja nzito: mgeni aliyeko ndani ya nyumba ya mtu usiku, katika mji asioujua, hana uhuru kamili wa kusema hapana. Kukataa kwake kunaweza kumgharimu mahali pa kulala. Anayetaka mchumba au hata maongezi ya kimapenzi safarini atumie programu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, ambako nia ya kila mmoja inajulikana tangu mwanzo na mahali pa kukutana panaweza kuwa pa hadhara. Tinder, kwa mfano, tangu mwaka 2015 imekuwa na huduma ya kulipia iitwayo Passport, inayomwezesha msafiri kujiweka katika mji fulani na kuanza mazungumzo kabla hajafika. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, nashauri akiba ya fedha za hoteli ya usiku mmoja iwepo daima, na mtu mmoja wa nyumbani awe na jina na anwani ya mwenyeji.

Kwa msafiri ambaye hajawahi kulala kwa mtu asiyemjua, mlango ulio bora zaidi ni ule wa mikutano. Sehemu iitwayo Hangouts huonyesha watu walio karibu na wenye nafasi wakati huo kwa kahawa au matembezi, na wanachama wa miji mingi mikubwa huandaa mikusanyiko ambayo mgeni anaweza kuhudhuria bila kumwomba mtu kitanda. Saa mbili katika mkusanyiko wa namna hiyo hutosha kumjulisha msafiri kwa watu wa mji ule, na mwaliko wa kwenda nyumbani kwa mtu uliotanguliwa na kuonana ana kwa ana una usalama ambao hakuna ukurasa unaoweza kuutoa.

Dosari kubwa ya Couchsurfing leo ni ada. Mwaka 2011 iligeuzwa kutoka shirika lisilotafuta faida kuwa kampuni, ikapokea mtaji wa dola milioni 7.6, na mwezi Mei 2020 wanachama wa nchi nyingi walikuta wamefungiwa kurasa zao mpaka walipe. Sipingi huduma kutozwa, kwani mitambo na wafanyakazi wana gharama. Ninalolilaumu ni kwamba wenyeji, ambao ndio wanaotoa kitanda, wametozwa sawasawa na wageni wanaopokea, na wengi wao wameondoka. Athari yake inaonekana katika utafutaji: orodha ya wenyeji wa mji ni ndefu, lakini ukitazama tarehe ya mwisho ya kuingia na kiwango cha kujibu, sehemu kubwa ya kurasa ni za watu waliokwisha kutoweka. BeWelcome, mtandao mwingine wa kukaribishana ulioanzishwa mwaka 2007 na unaoendeshwa na watu wa kujitolea bila ada, una wanachama wachache zaidi, lakini maombi yaliyoandikwa kwa uangalifu hujibiwa huko kwa ukarimu. Waendesha baiskeli nao wana Warmshowers, ambako safari yenyewe ni mada tosha ya mazungumzo.

Atakayeamua kulipa ada ya Couchsurfing aichukulie siku ya kuondoka kuwa bado ni sehemu ya ziara. Aandike rejeo lake mapema, kabla siku zile 14 hazijapita, na aeleze alipolala, mlango wa chumba kama ulikuwa na kufuli, mwenyeji alikuwa na nafasi kiasi gani ya kukaa naye, na kama kuna neno lililomkosesha amani alitaje kwa adabu, kwa sababu msichana atakayefuata ataamua kwenda au kutokwenda kwa kusoma sentensi hizo.