Mazoezi ya ninja mkoani Mie, Japani: nilicholipia na nilichopata

Kama unatafuta mahali pa kujifunza uninja, usiulize kwanza kama wana mapanga na vyuma vya kurusha. Uliza kama wanafundisha kutembea. Nayasema haya baada ya kulipia huduma tatu tofauti hapa Japani, ambako nasoma kilimo katika mji wa Tsu, mkoani Mie. Mbili zilistahili kila yeni niliyotoa. Moja sitairudia, wala sitamshauri mtu aende.

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tuliwafahamu ninja kwenye vibanda vya video: mtu kajifunika nguo nyeusi mpaka machoni, anarusha kitu chini, moshi unafuka, hayupo. Picha hiyo naipenda hadi leo. Lakini Mie ni nyumbani kwa wenyewe. Iga imo ndani ya mkoa huu, na jirani yake, upande wa mkoa wa Shiga, ipo Koka. Sehemu hizi mbili za milima ndizo zilizotoa shinobi, yaani ninja kwa jina lao la kale, waliosifika kuliko wote. Familia za wenye mashamba zilijitawala kwa makubaliano, na vijana wao walikodiwa na wakuu wa vita kufanya upelelezi na mashambulizi ya usiku. Mwaka 1581 mkuu wa vita Oda Nobunaga aliivamia Iga kwa jeshi la makumi ya maelfu na kuiteketeza. Mwaka uliofuata Nobunaga alifia Kyoto kwa usaliti wa jemadari wake, na mshirika wake Tokugawa Ieyasu akalazimika kuvuka milima hiyo hiyo kuokoa roho yake, akisindikizwa na watu wa Iga na Koka. Alipokuja kuitawala Japani aliwakumbuka. Hattori Hanzo, aliyekuwa kiongozi wao, jina lake bado limo kwenye lango la Hanzomon la ikulu ya Tokyo.

Hiyo huduma ya kwanza naimaliza haraka. Ni studio ya watalii katika jiji kubwa. Unavalishwa nguo nyeusi, unapewa upanga wa plastiki, unarusha nyota za mpira kwenye ubao, unapigwa picha, unakabidhiwa cheti chenye jina lako. Wahudumu ni wachangamfu na watoto wanafurahi sana. Ila hakuna aliyenifundisha hata namna ya kuweka mguu chini, na cheti kilisema nimehitimu. Kwa mtu anayetaka kujifunza, hizo ni pesa zimepotea.

Huduma ya pili ni jumba la makumbusho la ninja la Iga, Iga-ryu Ninja Museum. Kutoka Tsu unapanda treni ya Kintetsu hadi Iga-Kambe, kisha unahamia kwenye reli ndogo ya Iga mpaka kituo cha Uenoshi. Baadhi ya mabehewa yamechorwa macho makubwa ya ninja kwa mbele. Jumba lenyewe liko ndani ya bustani ya ngome ya Ueno. Utaingizwa kwenye nyumba ya zamani ambayo kwa nje ni ya mkulima tu. Ndani ukuta unazunguka ukiusukuma na kumeza mtu, ubao wa sakafu unainuliwa kwa kukanyagwa pembeni na chini yake kuna upanga, ngazi inajificha kwenye kabati. Maonyesho ya mapigano yanasisimua na silaha ni za kweli.

Kilichonikaa mimi moyoni ni vile vitu sita ambavyo vitabu vya kale vinamwagiza shinobi awe navyo safarini: kofia pana ya kusuka, kamba yenye ndoano, kalamu ya jiwe, dawa, kitambaa cha kama sentimita 90, na kipande cha mianzi cha kuhifadhia moto. Soma orodha hiyo tena. Upanga haumo. Kofia inafunika uso bila kumtia mtu shaka, kalamu ni ya kuandika ulichokiona, kitambaa kinachuja maji, kinafunga jeraha, kinafunika kichwa. Vifaa hivi ni vya mtu aliyetumwa kuleta habari na anayetakiwa arudi akiwa hai. Tangu siku niliyoielewa orodha hiyo, nilijua nataka mwalimu wa namna gani.

Mwalimu huyo nilimpata kwenye dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ndogo nje ya Tsu, jengo la mbao lililo nyuma ya mashamba ya mpunga. Sitaitaja jina kwa sababu sensei, yaani mwalimu, hapendi kutangazwa. Ada ni yeni 5,000 kwa mwezi kwa jioni mbili kila wiki, na nje ya hapo unanunua nguo za mazoezi na viatu vya tabi, vile vinavyotenganisha kidole gumba na vingine. Hakuna mashindano. Katika hilo dojo yetu inafanana na Bujinkan, mtandao mkubwa kuliko yote wa mafunzo ya aina hii, ulioanzishwa na Hatsumi Masaaki katika mji wa Noda, mkoani Chiba. Bujinkan ina mashina katika nchi nyingi na inafundisha mafungu tisa ya mbinu. Wanahistoria wanabishana kama nasaba ya baadhi ya mafungu hayo inafika kweli kwa ninja wa kale. Ukienda kutafuta mwili mwepesi na akili tulivu, ubishi huo hautakusumbua. Ukienda kutafuta historia, nenda maktaba kwanza.

Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. Kubingirika mbele, nyuma na ubavuni mpaka sakafu isisikike. La pili, kutembea, na hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kote. Magoti yanakunjwa kidogo, kiuno kinashuka, uzito wote unabaki kwenye mguu wa nyuma. Mguu wa mbele unaigusa ardhi kwa ukingo wa nje, upande wa kidole kidogo, unapima kama kuna kijiti au kokoto, ndipo uzito unahamia polepole. Unatembea kama mama anayetoka chumbani baada ya mtoto kushikwa na usingizi. Ipo pia njia ya kale ya kupita penye majani makavu: unainama, unaweka viganja chini na kukanyaga juu ya mikono yako mwenyewe, hatua kwa hatua. Mapaja yanawaka moto. Lakini ukijaribu usiku kwenye changarawe, ukasikia mwenzako aliye mbele yako hatoi sauti yoyote, mwili unasisimka.

Pumzi ndiyo niliyoipenda zaidi. Kuna mpangilio wa kwenda nao safari ndefu: vuta, toa, toa, vuta, toa, vuta, vuta, toa, kisha unaanza tena. Akili ikishughulika na kuhesabu, uchovu unakosa pa kukaa. Naitumia nikipanda baiskeli mlimani na naitumia usiku wa kuamkia mtihani. Lipo pia zoezi la kubandika kipande chembamba cha karatasi mbele ya pua na kupumua bila kukitikisa. Kawakami Jinichi, mzee wa mapokeo ya Koka ambaye wengi humwita ninja wa mwisho, amesimulia kuwa alianza mafunzo akiwa na miaka 6, na kwamba alikuwa akikodolea macho utambi wa mshumaa kwa saa nyingi mpaka ajihisi yumo ndani ya moto. Amesema hatateua mrithi, kwa kuwa kazi yenyewe haina nafasi katika dunia ya sasa. Namheshimu kwa msimamo huo, ingawa mimi naona pumzi na subira vina nafasi kubwa leo kuliko zamani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mimi ni Mtanzania, mweusi, mrefu kuliko karibu kila mtu ninayekutana naye mjini hapa. Nikiingia dukani, duka zima linajua nimeingia. Jioni moja nilimuuliza sensei waziwazi: mtu kama mimi atajifunza vipi kutoonekana? Hakujibu. Akaniuliza mleta barua wa asubuhi ile alikuwa na sura gani. Nilijaribu kukumbuka. Pikipiki nyekundu niliikumbuka, kofia ngumu niliikumbuka, sura hapana. "Umemwona," akasema, "na hukumwona."

Halafu akanifungulia Bansenshukai. Hicho ndicho kitabu kikubwa cha elimu ya shinobi, kilichokusanywa mwaka 1676 na Fujibayashi wa Iga. Kinagawa kazi ya kuingia kwa adui katika sehemu mbili. Moja ni kuingia kwa kujificha, gizani, kupitia ukutani. Nyingine ni kuingia mchana kweupe, uso wazi, kwa akili. Na hiyo ya uso wazi ndiyo inayotangulia kitabuni. Shoninki, kitabu cha mwaka 1681, kinataja sura saba za kujigeuza: mtawa, mtawa wa milimani, mfanyabiashara, mwanamazingaombwe, mchezaji wa jukwaani, mtu wa kawaida, na komuso, yule mtawa anayetembea na kapu kubwa kichwani akipiga filimbi ya mianzi. Hebu mfikirie huyo wa mwisho. Kijiji kizima kinamwona na kumsikia, na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi, kwa sababu kila mtu ameshajijibu.

Zoezi nililopewa lilitokana na hapo. Nichague sura moja, mwanafunzi mwenye baiskeli na mfuko wa mboga, na nipite soko lile lile, saa ile ile, kwa mwendo ule ule. Wiki za mwanzo shingo zote zilinigeukia. Kisha zikapungua. Ikafika siku muuza tofu alikuwa akiendelea na mazungumzo yake, mkono wake ukanipa chenji, na macho hayakuinuka. Rangi yangu haikubadilika wala kimo changu. Nilikuwa nimeshakuwa sehemu ya saa kumi na moja jioni ya pale.

Nikirudi dojo nilitakiwa kutoa ripoti bila karatasi: milango mingapi, nani alisimama wapi, harufu gani, kipi kimebadilika tangu wiki iliyopita. Tunakariri kwa mwili. La kwanza unaliweka kichwani, la pili kwenye paji la uso, la tatu machoni, unashuka hivyo hivyo mpaka miguuni. Nimejaribu mbinu hii kwenye majina ya wadudu waharibifu wa mpunga na imenifaa kuliko kadi zote nilizowahi kuandika. Sensei ana sharti moja asilolilegeza: mahali pa wazi tu, na maisha ya mtu binafsi hayafuatiliwi. Bansenshukai yenyewe inaanza na moyo ulionyooka kabla ya hila yoyote, kwa kuwa elimu hii mikononi mwa asiye na moyo huo ni elimu ya mwizi.

Kwa upande wa fikra, kitabu hicho kinataja magonjwa matatu ya shinobi: woga, kumdharau adui, na kuwaza kupita kiasi. Hili la tatu ndilo langu. Sensei hulitibu kwa kukupa muda mfupi mno: anapiga makofi, lazima uwe umeshaondoka ulipokuwa, upande wowote. Ukisimama kuchagua upande bora, fimbo ya mianzi imeshakugusa bega.

Kwa wanaotaka kusoma kwa kina, Chuo Kikuu cha Mie kilifungua kituo cha kimataifa cha utafiti wa ninja mwaka 2017, kikaanza kupokea wanafunzi wa shahada ya uzamili mwaka uliofuata, na mhitimu wa kwanza alipatikana 2020. Huko Kijapani ni lazima, tena pamoja na maandishi ya kale. Mihadhara ya wazi ni rahisi kuifuata ukiwa na Kijapani cha kati. Ukija kutembea tu, jaribu kuwepo Iga msimu wa tamasha la ninja, kati ya Aprili na Mei, mji mzima unapovaa nguo za ninja. Au tarehe 22 Februari, ambayo ni siku ya ninja.

Ulipo nyumbani, pumzi, kukariri kwa mwili na hatua za ukingo wa mguu unaweza kuanza leo bila shilingi. Kubingirika usijifundishe peke yako kwenye saruji. Tafuta nyasi au mchanga wa ufukweni, anza ukiwa umechuchumaa, kidevu kimegusa kifua, upitie bega na usipitie shingo, na uwe na mtu aliyesoma judo au aikido wa kukutazama. Mwenye goti au mgongo wenye matatizo amwone daktari kabla, kwa sababu ule mwendo wa kuinama unabana magoti kuliko unavyodhani. Tabi ukizikosa, miguu peku inafaa.