Tiketi ya saa 24 ya boti za Venice: nani anunue, nani aiache

Ndani ya mji wa kale wa Venice hakuna gari, hakuna pikipiki, hata baiskeli hairuhusiwi. Mabasi yanaishia Piazzale Roma, treni zinaishia stesheni ya Santa Lucia, na kuanzia hapo ni miguu au boti. Boti za abiria huitwa vaporetto, zinaendeshwa na kampuni ya usafiri ya mji, ACTV. Mgeni anauziwa tiketi ya dakika 75 kwa euro 9.50, au ya saa 24 kwa euro 25. Hesabu yake ni nyepesi: safari mbili hazifikii 25, ya tatu inavuka.

Kwa hiyo aliyekuja kutwa moja kuona daraja la Rialto na uwanja wa San Marco, kisha arudi kupanda treni, asiinunue. Santa Lucia hadi San Marco kwa miguu ni dakika kama 40, ukifuata vibao vya njano kutani vilivyoandikwa Per Rialto na Per S. Marco. Vichochoro ni vyembamba mithili ya vya Mji Mkongwe Unguja, na kupotea ni lazima, lakini kibao kingine hakiko mbali. Mtu huyo akate tiketi moja tu, apande laini namba 1 kwenye Mfereji Mkuu, imtoshe. Tiketi ya saa 24 ni ya anayekwenda visiwani.

Laini namba 1 ndiyo inayostahili sifa zake zote. Inasimama karibu kila kituo, hivyo kutoka Piazzale Roma hadi San Marco ni robo tatu ya saa. Laini 2 ina haraka zaidi, ila wa kutazama hana haja na haraka. Panda Piazzale Roma, usipande stesheni. Piazzale Roma ndipo boti inapoanzia, ikiwa tupu. Kituo kinachofuata ni Ferrovia, mbele ya stesheni ya treni, na hapo watu huingia na masanduku yao mpaka hakuna pa kukanyaga. Baadhi ya boti za zamani zina viti vichache nje, kule omo, yaani mbele, ukivipata usiviachie. Boti nyingine zina viti vya nje upande wa tezi tu, yaani nyuma, navyo si vibaya. Ukikaa ndani utaona migongo ya watu. Upande wa kushoto utaona Ca' d'Oro, jumba la karne ya 15. Upande wa kulia Ca' Pesaro, Ca' Rezzonico, na mwisho kabisa kuba la kanisa la Salute. Majumba yameelekeza nyuso majini kwa sababu mlango wa heshima ulikuwa ule wa boti. Ukipita nyuma yake kwa miguu utaona kuta tupu na mapipa ya taka.

Makosa ya wageni ni yale yale kila siku. Kwanza, tiketi lazima igusishwe kwenye mashine kabla ya kila safari, hata ile ya saa 24, hadi mashine itoe mlio na taa ya kijani. Wakaguzi wapo, na "sikujua" haifuti faini. Saa zinaanza kuhesabiwa ulipogusisha mara ya kwanza, si uliponunua. Anayelala mjini akianza saa 5 asubuhi, anayo mpaka saa 5 ya kesho yake. Pili, laini yenye namba ile ile inakwenda pande zote mbili. Vituo vikubwa vina magati kadhaa yanayoelea, kila moja na herufi yake. Soma kwanza ubao una jina la kituo gani cha mwisho. Tatu, boti za uwanja wa ndege za Alilaguna ni kampuni nyingine, na tiketi hii haiingii humo. Nne, begi la mgongoni livuliwe, liwekwe miguuni. Asiyelivua atakumbushwa na bibi wa Kivenisi, na si kwa upole.

Boti ikifika, usikimbilie mlango. Baharia anarusha kamba kwenye kigingi cha chuma, anaizungusha mara mbili tatu, na injini inaendelea kusukuma boti ili igande gatini. Ndipo anasogeza lango. Wanashuka wote kwanza, kisha mnapanda. Kazi nzima haichukui dakika moja, na ukisimama katikati ya lango kupiga picha unawachelewesha watu wanaokwenda kazini.

Visiwani sasa. Laini 12 inaondoka kituo cha Fondamente Nove, inapita Murano, inafika Burano baada ya dakika kama 45. Nenda asubuhi, anza na Burano, Murano iwe ya kurudia. Ukigeuza, utajikuta Burano saa 10 jioni kwenye foleni ndefu ya kurudi, na boti ikijaa unasubiri nyingine karibu nusu saa. Burano ni nyumba za rangi kali na lesi. Kitambaa cha lesi cha bei ya kutupa si kazi ya sindano ya mtu, usidanganywe. Murano ndiko tanuri za vioo zilikohamishiwa mwaka 1291. Atakayekupa usafiri "wa bure" kwenda huko anakupeleka moja kwa moja kwenye duka, na kutoka bila kununua kunahitaji uso mkavu.

Jioni, vuka kwa laini 2 kutoka San Zaccaria, kituo cha jirani na uwanja wa San Marco, hadi kisiwa cha San Giorgio Maggiore chenye kanisa la jina hilo, kituo kimoja tu. Mnara wa kanisa lile una lifti, foleni ni fupi kuliko ya mnara wa San Marco, na juu yake unauona mji wote pamoja na mnara wa San Marco wenyewe.

Ambacho tiketi haikupi ni gondola, mtumbwi mwembamba wa kupigwa kasia. Bei rasmi ya mchana ni euro 90 kwa nusu saa, kwa chombo kizima chenye watu hadi watano. Kuanzia saa 1 usiku ni 110. Mwenye mfuko mwembamba atafute traghetto, gondola ya kuvusha watu ng'ambo, kwa mfano Santa Sofia kwenda soko la samaki la Rialto. Ni euro 2 taslimu, mnavuka dakika mbili tatu. Soko lenyewe ni la asubuhi, na Jumapili na Jumatatu samaki hakuna.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa chochote: tangu 2024 wageni wa kutwa hulipa ada ya kuingia mjini katika siku zilizotangazwa, msimu wa machipuko na kiangazi, kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni. Mwaka 2025 ilikuwa euro 5 kwa aliyelipa mapema, 10 kwa aliyechelewa. Anayelala hotelini Venice, hata Mestre upande wa bara, halipi, lakini bado anatakiwa ajiandikishe apate msimbo wake wa QR. Ada hiyo haihusiani na boti, na tiketi ya saa 24 haiifuti.