Kununua Jibini Mombasa: Rangi Isikuhadae

Mnunuzi aingiapo katika duka kubwa la Nyali hukuta kwenye jokofu moja jibini nyeupe, ya manjano hafifu na ya rangi ya chungwa, na mara nyingi huchukua yenye rangi kali akidhani kwamba ndiyo iliyokomaa au yenye mafuta mengi. Rangi haithibitishi hayo. Manjano ya asili hutokana na karotini ya majani mabichi, ambayo ng'ombe huipitisha hadi kwenye mafuta ya maziwa, ilhali mbuzi huigeuza kuwa vitamini A, na kwa hiyo jibini yake hubaki nyeupe. Rangi ya chungwa aghalabu huongezwa, nayo hutoka katika mbegu za mzingefuri, mmea uleule ambao wakulima wa Kwale, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, huuita biksa. Uingereza, tangu karne ya 17, walikuwako watengenezaji waliotia rangi ili kuficha kwamba malai yameshaondolewa na kuuzwa kando.

Kwa matumizi ya nyumbani ninaitanguliza Gouda ya humu nchini, kwa kuwa huyeyuka vizuri, hufaa kwa mkate na kwa mchuzi, wala haihitaji rangi kali ili ipendeze.

Ya pili ni cheddar. Ikiwa nyeupe na ya chungwa zimetengenezwa kwa namna moja na kukomaa kwa muda sawa, chukua iliyo rahisi, maana mzingefuri kwa kiasi kinachotiwa humo hauongezi ladha. Kinacholeta ukali wa ladha ni muda wa kukomaa. Alama ya E160b kwenye lebo ndiyo mzingefuri wenyewe, na mwenye mzio nao, ingawa ni wachache, aitafute kabla ya kulipa.

Paneer naipa nafasi ya tatu, si kwa ubaya wake bali kwa kuwa matumizi yake ni finyu: haiyeyuki, hukaa imara ndani ya mchuzi wa mchicha, lakini huharibika upesi, hivyo inunuliwe pale inapouzwa kwa wingi kila siku.

Mwisho kabisa ni vipande vilivyosindikwa na kufungwa kimoja kimoja. Linganisha bei yake kwa kilo, si kwa pakiti, ndipo utaona unachokilipia.