Asilimia 15 ya matangazo ya nje ya Etsy: uzoefu wangu

Nauza foronya za mito ya sebuleni zilizoshonwa kwa leso. Duka liko Etsy, soko la mtandaoni la vitu vya kutengenezwa kwa mkono, mimi niko Minnesota, na leso zenyewe hunichagulia khalati yangu katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, kisha zinakuja kwenye sanduku la yeyote anayesafiri. Dada zetu wa huku wanaotaka kufungua duka kama hili wana swali moja: hizo ada za matangazo zinalipa kweli? Kwa simu huwa hatumalizi, basi acha niandike.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Kuna matangazo ya ndani ya Etsy, ambayo unayawasha mwenyewe na kuyawekea bajeti ya siku kuanzia dola 1. Hapo unalipia kila anayebofya, anunue asinunue. Halafu kuna matangazo ya nje, Offsite Ads, yaliyoanza mwaka 2020. Haya Etsy huyalipia kwanza yenyewe kwenye Google, Bing, Facebook, Instagram na Pinterest, na duka jipya huwa ndani ya mpango huo tangu siku ya kwanza mpaka mwenyewe uingie kwenye mipangilio ujitoe. Mtu akiliona tangazo hulipi kitu. Akilibofya pia hulipi. Ila akilibofya, kisha ndani ya siku 30 akanunua chochote dukani mwako, unakatwa asilimia 15 ya oda nzima, pamoja na ile hela ya posta aliyolipa. Ninayoyapima hapa ni haya ya nje.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Jozi ya foronya niliiweka dola 40, posta dola 6, jumla 46. Etsy hukata senti 20 za kuorodhesha bidhaa, asilimia 6.5 ya mauzo, na asilimia 3 pamoja na senti 25 za kushughulikia malipo. Hiyo ni dola 4.82, kabla ya tangazo lolote. (Ile asilimia 3 huhesabiwa mpaka juu ya kodi ya mauzo anayolipa mteja, lakini hizo ni senti, niziache.) Oda ikiletwa na tangazo la nje, ongeza dola 6.90. Sasa makato ni 11.72, yaani robo ya pesa yote na zaidi kidogo. Toa dola 6 za posta na kama dola 14 za leso, bitana na zipu, unabaki na dola 14 na ushei kwa kazi ya kukata, kushona, kupiga pasi na kufungasha. Bila tangazo ningebaki na 21.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kuzima. Mimi sikuzima, na sababu ni kwamba mwenye kukata asilimia 15 baada ya kuuza ni dalali, na dalali tunamjua. Hajaleta mteja, hana chake. Kwenye soko jingine la mtandaoni, ambalo sitalitaja, nilikuwa nalipia kila mbofyo. Watu walibofya kweli. Wakatazama picha, wakapenda rangi, wakaenda zao, na bili ikaja vilevile. Kwa duka la mtu mmoja lisilo na akiba, hiyo ndiyo hatari yenyewe: pesa inatoka kabla haijaingia. Kwa dalali wa asilimia 15, mwezi mkavu unabaki mkavu tu, haukudai.

Lakini lazima dalali awemo kwenye bei tangu mwanzo. Nilipandisha jozi kutoka dola 40 hadi 46. Oda ya tangazo sasa inaniachia karibu dola 19, na ile isiyo ya tangazo dola 26 na ushei. Wanunuzi hawakulalamika, maana anayetafuta leso halisi ya pwani huku Marekani hana maduka mengi ya kulinganisha. Anayeuza vikombe vilivyochapishwa maneno hawezi kufanya hivi. Kurasa zimejaa vikombe, na dola mbili tu zinamhamisha mteja. Kwa huyo, kama bado ana ruhusa ya kuzima, azime leo.

Nasema "kama bado ana ruhusa" kwa sababu mlango huo haubaki wazi kwa wote. Duka likifikisha mauzo ya dola 10,000 ndani ya kipindi chochote cha miezi 12, ada inashuka hadi asilimia 12, lakini kutoka huwezi tena, muda wote duka litakapokuwapo. Hata biashara ikirudi chini mwaka unaofuata, umo. Kwa bei zangu hizo ni kama oda 200 kwa mwaka, si mlima. Hili lilikuwa miongoni mwa malalamiko ya wauzaji waliogoma Aprili 2022, wakafunga maduka yao kwa wiki moja pale ada ya mauzo ilipopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 6.5. Ada ilipanda hivyohivyo, na sharti la dola 10,000 bado lipo.

Kuna kikomo pia: tangazo haliwezi kukukata zaidi ya dola 100 kwa oda moja. Kwetu wauza foronya hakina maana yoyote. Ila kama una kasha la Lamu la dola 2,000, hiyo ni asilimia 5 tu, na hapo ningesema washa bila kufikiri mara mbili.

Ninachokiona kizito kuliko hiyo asilimia ni zile siku 30. Mtu amebofya tangazo la foronya mwanzoni mwa mwezi, amenunua, amefurahia. Baada ya wiki mbili anarudi mwenyewe kununua mfuko wa leso. Tangazo halikumrudisha, kamrudisha mshono, lakini ada inakatwa tena. Na huruhusiwi kumwambia alipe nje ya Etsy; kukwepa ada kwa mteja uliyempata humo ni kuvunja kanuni, na duka linaweza kufungwa. Kwa hiyo wale wanaonijua kwa harusi na Idd nawauzia mkono kwa mkono, hao hawakupitia Etsy tangu mwanzo. Na wafuasi wangu wa Instagram nawatumia kiungo cha Share & Save, ambacho hurudisha asilimia 4 ya oda kwa muuzaji aliyemleta mteja mwenyewe. Cha kushangaza ni wauzaji wangapi hawajui kwamba kipo.

Mdogo wangu Mombasa anauza makabati kwenye Jiji, ile tovuti ya matangazo ya kuuza na kununua, na kwake mambo ni mengine kabisa. Kabati likiuzwa, Jiji haichukui kamisheni. Analipia tangazo lake lipandishwe juu kwa muda fulani, kisha anajadiliana na mnunuzi kwa simu. Kwa kabati moja la bei kubwa hesabu hiyo inakaa sawa. Kwangu mimi mwenye vitu vidogo vingi, kulipia muda ni kamari.

Amazon nayo, muuzaji hushindana na wenzake kwa dau la kila mbofyo. Sijafungua duka huko, na kwa foronya za kushonwa mmoja mmoja sioni ningeanzia wapi.

Nyota: tatu na nusu kati ya tano. Ningetoa nne na nusu kama ningeweza kuchagua bidhaa za kutangazwa. Kwenye matangazo ya nje Etsy ndiyo inayochagua, kwa hiyo vipochi vyangu vya dola 9, ambavyo faida yake ni ya kubanabana, vinaweza kutangazwa sawa na jozi ya dola 46. Vipochi vya kimoja kimoja nimeviondoa. Sasa nauza vitatu kwa pamoja, dola 30.