Kliniki ya masikio Moshi: daktari nampa 5, mapokezi nawapa 2

Jamani nimetoka Moshi jana na chalii wangu wa miaka 6, yule aliyezaliwa sikio la kulia halina tundu. Jina la kliniki silitaji maana nina mawili matatu ya kuwasema.

Tumetoka Arusha na Kosta ya alfajiri, saa mbili tuko mlangoni, daktari tumemuona saa saba. Saa saba! Dada wa mapokezi anaita majina huku katupa mgongo, TV imefunguliwa hadi mwisho, kliniki ya MASIKIO aisee. "Mama mbona mnaitwa hamwitiki?" Dada yangu, tungesikia tungeitika.

Ila daktari sasa. Kafungua picha za siti skani, zile zinazoonyesha mifupa ya ndani ya kichwa, kwenye kompyuta, "Mama sogea uone mwenyewe." Mi miaka yote najua nyuma ya ile ngozi hamna kitu, kumbe chumba kipo, kwenye picha ni cheusi, weusi ndo hewa, na hiyo ni habari njema. Pale pa tundu na ngoma ya sikio ndo pamezibwa na mfupa. Vile vimifupa vitatu vya darasani, nyundo, fuawe na kikuku, vyote vipo, ila nyundo na fuawe vimegandana donge moja halafu donge lenyewe limeng'ang'ania ule mfupa ulioziba, kwa hiyo halitikisiki vizuri, kikuku chenyewe kizima. Akanichorea nyuma ya karatasi: sikio la nje, nyundo na fuawe vinaumbika tumboni kutoka sehemu moja, koklea, yaani sehemu ya ndani kabisa inayopokea sauti, inatoka kwingine kabisa, ndo maana ya chalii ni nzima, inasubiri sauti ifike tu. Ile karatasi nimeitunza, maana bibi yake wa Old Moshi kanilaumu miaka sita eti nilikula sijui nini nikiwa mjamzito.

Nikauliza operesheni lini, na hapa ndo nilimpenda zaidi. Kuna alama 10 alizopanga daktari wa Marekani, Jahrsdoerfer, mwaka 1992, wanaipima picha kabla ya kumgusa mtu, kikuku peke yake kina 2, vingine moja moja. Chalii kapata 7, si mbaya, lakini neva ya uso imepita mbele kuliko kawaida, ikiguswa vibaya uso unapinda, na tundu likichongwa linaweza kujifunga tena, na sikio la kushoto linasikia vizuri, sasa haraka ya nini.

Akamvalisha mkanda wa kujaribu, una kifaa kinachokaa nyuma ya sikio na kutikisa fuvu, sauti inapitia kwenye mfupa hadi koklea. Nikaliziba sikio zima kwa kidole, nikaita kwa chini "Simba", mbwa wetu. Chalii: "Si tumemwacha Arusha?" Nilikaa chini.

Mwaka jana duka moja la shime sikio, vile vifaa vya kusaidia kusikia, jamaa alikomaa aniuzie kile cha kuchomeka tunduni. Tundu lipi kaka?

Mkienda dai CD ya picha kabla hamjatoka, bila kuomba hawakupi, mi nilirudia getini. Na chapati za yule mama wa nje saa nne zimeshaisha.