Sugar Baby kwenye kipupwe cha Dodoma: mbegu iko vizuri, pakiti ndo tatizo

Wenye haraka chukueni jibu kabisa: mbegu ya tikiti Sugar Baby ukiipanda mwezi wa sita au wa saba hapa Dodoma inakubali, mi nimeipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja nimeinyima pakiti sio mbegu, ntaeleza huko chini.

Watu wa mikoa mingine wakisikia baridi ya Dodoma wanacheka, wanasema Dodoma ni jua na vumbi baridi itoke wapi, haya waje mwezi wa saba wasimame Nzuguni pale kwenye uwazi saa kumi na moja alfajiri na ule upepo ndo tuongee. Mji uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku wa kipupwe inashuka mpaka nyuzi 14 na kuna siku inapita hapo. Sasa tikiti ni mmea wa joto bana, asili yake ni hapahapa Afrika kwenye maeneo makavu, mbegu yake inapenda udongo wa nyuzi 25 mpaka 30 na kitu, udongo ukishuka chini ya 18 hivi inalala tu humo ndani, na we ukiona haitoki unazidisha maji kumbe ndo unaiozesha.

Ila baridi yetu ni ya usiku tu, hilo ndo wengi hawaliangalii. Ikifika saa nne jua limewaka, wingu hakuna, mvua hakuna mpaka mwisho wa mwaka, na utamu wa tikiti unatengenezwa na majani yakipigwa jua, sio kama Makete au Lushoto ambako baridi inakuja na ukungu na mawingu mchana kutwa. Kwa hiyo huku shida iko mwanzoni, kuotesha na zile wiki za kwanza, ukivuka hapo mmea unakutana na joto la mwezi wa tisa na wa kumi wakati unajaza matunda, yaani saa nzuri kabisa. Ndo maana review hii naipima mbegu zaidi kwenye uotaji.

Nimenunua kwenye duka dogo la pembejeo karibu na soko la Majengo, pakiti ndogo haifiki elfu kumi. Cha kwanza kilichonifurahisha, dada anayeuza aliniuliza swali kabla hajapokea hela.

"Kaka unapanda lini?"

"Wiki hii hii dada angu."

"Basi usifukie shambani moja kwa moja, otesha ndani kwanza. Na hiyo rangi ni dawa, usiweke watoto wakachezea."

Maduka mangapi wanakuuliza hivyo? Wengi wanakupa mzigo na chenji basi. Na kweli mbegu zilikuwa na rangi ya waridi, hiyo ni dawa ya kuzuia fangasi, kwa hiyo zile habari za kuloweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu zinafaa mbegu isiyopakwa dawa, hii ukiloweka unaiosha dawa yote na kwenye baridi ndo unaihitaji zaidi maana kinyausi, ule ugonjwa wa fangasi wa kuozesha miche, kinapenda miche iliyokaa kwenye unyevu na baridi. Lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ilikuwepo na tarehe bado, angalieni hiyo kila mara, mbegu ya kupimiwa kwenye kijiko msinunue hata ukipewa bei ya bure.

Nikatumia viriba vidogo, udongo na samadi iliyoiva, mbegu moja moja kina cha sentimita 2 hivi, usiku nikaviweka jikoni, mchana nje kwenye ukuta unaopigwa jua. Zimeota karibu zote, na kwa usawa, sio hizi leo nyingine wiki ijayo. Jirani yangu alifukia za kwake shambani, mbegu ileile duka lilelile, akapata mashina ya kuhesabu na mapengo kibao. Muhimu, usitumie trei ya pamoja ukaja kung'oa miche kama ya mchicha, mzizi wa tikiti ukiuchokoza unanuna vibaya, hamisha na udongo wake ikiwa na majani halisi mawili au matatu. Shambani nilitandika nailoni nyeusi kwenye tuta, inashika joto la mchana na maji hayakauki haraka na huo upepo wetu, na usiku wa mwanzo nilifunika kila mche kwa chupa ya maji ya lita na nusu iliyokatwa kitako. Asubuhi unafungua kizibo, ukisahau jua la saa sita linaupika.

Sasa pakiti. Imeandikwa siku 75 mpaka 80, nukta. Hiyo ni kweli kwenye joto, kwenye kipupwe ongeza wiki kadhaa, na kwa mtu aliyepanga hela ya dripu ya kumwagilia na kibarua kwa hesabu ya siku 75 hizo wiki zinauma. Neno baridi halipo popote kwenye pakiti, joto la udongo halipo, kuhusu nyuki kimya. Na nyuki ni jambo kubwa, tikiti linatoa maua dume kwanza (msiogope yakidondoka) alafu ndo jike lenye kitunda kidogo chini yake, ua linafunguka asubuhi na siku hiyohiyo limeisha. Asubuhi ya baridi na upepo nyuki wetu wanachelewa kutoka, kwa hiyo nilikuwa nachuma ua dume, natoa petali, napaka mbelewele (ule unga wa ua) kwenye jike mwenyewe. Kwa bustani inawezekana, kwa ekari sahau, tafuta mizinga.

Matunda yametoka ya kilo 3 mpaka 4, ganda kijani kibichi cha kukaribia weusi, ndani nyekundu na sukari ya kutosha haswa. Wanaotaka madude ya kilo 8 au 10 ya kukatia vipande stendi waende aina ya Crimson Sweet, ila hiyo inachelewa zaidi na kwenye baridi kuchelewa kunazidi. Kuvuna angalia kikamba kilicho jirani na kikonyo kikauke, na pale tumboni palipolalia chini pawe pa njano, kugonga gonga mi siuamini sana. Likichumwa bichi haliivi tena nyumbani, msidanganyane.

Ugonjwa uliosumbua ni ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya majani, hauhitaji hata mvua. Kuwahi ndo dawa.

Duka hilohilo wanauza na mbegu za meloni ile ya ganda la wavuwavu, nikachukua kidogo kujaribu, hiyo kwa kipupwe naipa nyota 2. Imeota kivivu na utamu wa kawaida tu. Aina za kuvumilia majira mafupi zipo duniani, Marekani Chuo Kikuu cha Minnesota walitoa ya kwao ndogo inaitwa Minnesota Midget tangu 1948 kwa sababu joto la kule ni la miezi michache, ila huku dukani sijaiona, na hii waliyonayo ningeipanda mwezi wa tisa na kuendelea.

Kwa wanaoenda dukani: ni ule upande wa maduka ya nafaka, nendeni asubuhi maana mchana dada anaachia kijana ambaye ukimuuliza chochote anakusomea pakiti.